Maulizo ya wasomaji: daktari wa St. Louis na wanaume walioambiwa "sifuri"

Mwezi jana tuliandika mistari michache tu juu ya Sherman Silber, daktari mpasuaji wa Marekani aliyeshughulika sana na wanaume wasiopata watoto, na tangu siku ile telefone ya redaksio haijapumzika. Maulizo mengine hatuwezi kuyachapa, wenyewe mnajijua. Haya ndo tumechagua, majina tumeyaacha.

Redaksio jambo. Niliona ku telefone eti huyu docta alitosha korodani ya muntu moja akaitia kwa ndugu yake. Iko kweli ao ni mambo ya kutunga? Na kama ni kweli, juu ya nini hatusikiake bantu wengine banafanya vile? (Kijana wa Nyawera)

Ni kweli. Ilikuwa 1977, huko St. Louis. Ndugu wawili, mapacha wa kufanana kabisa, mmoja alizaliwa bila korodani hata moja na mwenzake anazo zote mbili, basi Silber akachukua moja kwa huyu akampandikizia yule. Kukata si kitu, kila mpasuaji anajua kukata, shida ilikuwa kuunganisha mshipa wa damu mwembamba sana, chini ya mikroskopu, tena kwa haraka kabla ile korodani haijakufa kwa kukosa damu. Ikashika. Homoni za yule ndugu zikapanda mpaka pale zinapotakiwa na mbegu zikaonekana.

Sasa kwa nini haikuenea. Mwili unakataa kiungo cha mtu mwingine, na aliyepandikizwa anapaswa kunywa dawa za kutuliza kinga maisha yake yote, dawa zenye madhara yake. Mapacha wa kufanana wanaepuka hiyo juu mwili haujui tofauti. Na kuna shida kubwa kuliko hiyo: korodani ikihama, inahama na mbegu za mwenyewe. Kwa mapacha wa kufanana ni sawasawa, urithi ni uleule. Lakini fikiri umewekewa ya rafiki yako, mtoto anayezaliwa ni wa nani? Hapo famiya mbili zitakaa kikao mpaka jogoo awike na hawatamaliza. Ndo maana ilipofanyika tena Belgrade, mji mkuu wa Serbia, Desemba 2019, tena kwa mapacha, ilihesabiwa kuwa ya tatu tu inayojulikana duniani.

Kwa maoni yangu hiyo habari inapendwa ku telefone juu inashangaza, ila kwa faida, ni kazi yake ndogo kuliko zote.

Kama hiyo ndo ndogo, kubwa ni gani? Na huyu mutu alitokea wapi? (Mwalimu, Bagira)

Asante mwalimu, hili ndo ulizo nililokuwa nangoja.

Silber alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Michigan, na kabla ya kuwa mtu wa mambo ya uzazi alikuwa anapandikiza figo za panya. Ndiyo, panya. Figo ya panya ni kidude kidogo, mishipa yake huwezi kuishona kwa macho matupu, kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amezoea kufanya kazi na mikroskopu na nyuzi nyembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Wakati uleule huko Marekani wanaume wengi walikuwa wamefunga uzazi kwa vazektomi, yaani wamekatwa ile mirija inayopitisha mbegu, halafu maisha yakageuka, mwingine ameoa upya, mwingine amefiwa na watoto, wanataka kufunguliwa. Wapasuaji walikuwa wanaishona ile mirija kwa macho tu, na tundu la ndani la mrija ule halifikie hata nusu milimita, sasa unashona nini hapo? Mara nyingi inashikana kwa nje, ndani imefungwa. Silber akaleta mikroskopu ya panya kwa binadamu. Hakuwa peke yake, Earl Owen wa Sydney, Australia, naye alikuwa anafanya hivyo hivyo miaka hiyohiyo, lakini Silber ndo alikwenda mbele na ulizo moja lililokuwa linamsumbua: mbona wengine unawashona vizuri kabisa, mrija unapitisha, na bado mbegu hazitoke?

Jibu lake ndo ninalolipenda. Alisema mbegu zinaendelea kutengenezwa hata kama mrija umefungwa, zinajazana nyuma, msukumo unapanda, na mwisho kile kifuko nyuma ya korodani kinachoitwa epididimisi, ambacho ndani yake kuna kijirija kimoja kimejikunja kunja chenye urefu wa karibu mita 6 ukikinyoosha, kinapasuka mahali fulani na kovu linafunga njia mara ya pili. Wewe unashona pale mbele, kizuizi kingine kiko nyuma! Kwa hiyo kabla ya kushona alikuwa anachukua tone la maji yanayotoka upande wa korodani na kuliangalia palepale ku mikroskopu. Mbegu zipo? Shona mrija kwa mrija. Hazipo? Ruka kile kizuizi, unganisha mrija moja kwa moja na kile kijirija cha epididimisi, kazi ambayo alieleza namna ya kuifanya mwaka 1978 na mpaka leo inatesa vidole vya wapasuaji.

Halafu kuna wanaume waliozaliwa bila ule mrija kabisa. Hapo hakuna cha kuunganisha. Yeye na wenzake wakaenda kuzinyonya mbegu mulemule ndani kwa sindano ndogo na kuzikutanisha na yai nje ya mwili, ndani ya laboratware. Na waliyoyaandika 1990 yaliwageuza watu vichwa, juu vitabu vilikuwa vinafundisha kwamba mbegu inakomaa kadiri inavyosafiri, kwa hiyo zile za mbele ndo nzuri na zile za karibu na korodani ni mbichi. Kwa mwanaume mwenye kizuizi wakakuta kinyume: zile za mbele zimekaa sana, zimezeeka na kufa, na zile zinazotembea vizuri ziko nyuma, karibu na kiwanda. Wangefuata kitabu wangeendelea kuchota maiti.

Kipande cha mwisho kilitoka Brussels, na wazee wetu waliosoma Ubelgiji watafurahi. Pale Vrije Universiteit Brussel kijana Muitalia, Gianpiero Palermo, alikuwa anajaribu kuweka mbegu chini ya ganda la yai, moja ikapenya mpaka ndani kwa bahati, na hilo yai likaonyesha kuwa limerutubika vizuri. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, mbegu moja ndani ya yai moja, alizaliwa Januari 1992. Silber akashirikiana na timu ile ya Brussels, na katikati ya miaka ya 1990 walionyesha kwamba unaweza kuchukua mbegu kutoka kwenye nyama yenyewe ya korodani, hata zile zisizojua kuogelea, na mimba ikaingia. Yaani mwanaume ambaye spermogramu yake, kile kipimo cha kuhesabu mbegu, inasema sifuri akaanza kuitwa baba.

Hiyo ndo kubwa, mwalimu. Zamani sifuri ilikuwa hukumu. Yeye na wenzake wakaifanya kuwa ulizo: zimekwama wapi?

Niko mama wa nyumba, Kadutu. Niko mu ndoa mwaka wa tano, sijazaa. Mama mukwe anasema mbele ya bantu eti mwana wake alioa muti mukavu. Nimepimwa kila kitu, docta anasema sina shida. Bwana yangu akisikia tu neno kupimwa anatoka inje anaenda kulewa, anasema mwanaume mwenye nguvu mu kitanda hawezi kuwa mgumba. Nifanye nini?

Mama yetu, pole sana. Hiyo ya mama mkwe imenichoma roho na sitaificha.

Bwana yako umpe hii habari, au umpe hili gazeti likiwa limefunguliwa ukurasa huu na wewe uende sokoni. Nguvu za kitandani na mbegu ni mambo mawili tofauti. Ndani ya korodani kuna chembe zinazotengeneza homoni ya kiume, hizo ndo zinaleta ndevu, sauti nzito na ile nguvu anayojisifia. Mbegu zinatengenezwa pembeni, kwenye vijirija vingine. Unaweza kuwa na hiyo ukakosa hii. Tena yale maji anayoyaona, sehemu kubwa sana haitoki kwa korodani, inatoka kwa tezi za huko ndani, na mbegu zenyewe ni asilimia chache tu ya maji yote, kwa hiyo mwanaume mwenye sifuri mara nyingi anaona kila kitu ni cha kawaida, rangi ileile, wingi uleule. Kwa macho hawezi kujua. Mikroskopu ndo inajua.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 anapitia shida ya kukosa mimba wakati fulani wa maisha yake. Na karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Sasa wewe umechomwa sindano, umepigwa ekografi, umelala kwenye meza za madaktari, na yeye kipimo chake hakina sindano wala kisu, ni kikombe tu! Kwa haki yeye angeanza.

Ila usimpige vita peke yako. Wanaume wetu wanasikia aibu mbele ya bibi zaidi kuliko mbele ya mwanaume mwenzao. Tafuta msimamizi wenu wa ndoa au baba mdogo anayemuheshimu, ampeleke. Au muombe daktari wako amuite yeye, aseme "nahitaji matokeo ya wote wawili ili nianze dawa", maana barua ya daktari ina uzito ambao maneno ya bibi hayana. Na huyo mama mkwe, akirudia tena neno la mti, mtu mzima wa famiya amkumbushe kwamba mwana wake akioa wa pili na wa tatu, kama ni sifuri itabaki sifuri, na mahari itakuwa imelipwa mara tatu.

Niko na miaka 36. Spermogramu waliandika azoospermie. Mutu wa laboratware akaniambia niombe Mungu tu. Nikiwa kijana niliwahi kukojoa usaha, nikanunua vidonge ku farmasi, nikapona. Je, ndo mwisho wangu? (Bila jina, Panzi)

Kuomba omba, ndugu yangu, lakini pia rudi upimwe.

Azoospermie ndo ile sifuri, mbegu haionekane hata moja. Kwanza sifuri ya mara moja hatuishike. Rudia kipimo baada ya wiki kadhaa, na kama ulikuwa na homa kali hivi karibuni, malaria ile ya kukulaza, ngoja miezi kama 3, juu mbegu moja inachukua siku kama 74 kutengenezwa na homa inaharibu kundi zima. Ukirudi uliza laboratware kama waliyazungusha manii kwa mashine ya kuzungusha na kuangalia kile kinachobaki chini. Ni ulizo la maana sana hili. Kuna wanaume wameandikiwa sifuri juu mtu aliangalia tone moja la juu akachoka, kumbe chini kulikuwa na mbegu chache, na hizo chache zinatosha kwa njia ile ya Brussels.

Ikiwa ni sifuri ya kweli, basi ndo tunafika kwa ulizo la Silber. Bomba la mtaa likikauka kuko mambo mawili, ao chanzo kimekauka huko juu, ao maji yapo na njia imeziba. Daktari anajua kwa vitu vya kawaida tu: anashika korodani aone kama zina ukubwa wa kawaida, anapima damu homoni moja inaitwa FSH, ndo amri ya kichwa kwa korodani. Korodani kubwa vizuri na FSH ya kawaida, kuna uwezekano mkubwa kiwanda kinafanya kazi na njia imeziba. Korodani ndogo na FSH iko juu sana, hapo kichwa kinalazimisha kiwanda na kiwanda hakijibu. Karibu 4 kati ya 10 ya wenye sifuri ni wale wa njia kuziba.

Na ule usaha wako wa ujana ndo umenishtua. Kisonono na klamidia vinaweza kupanda mpaka epididimisi, vinaacha kovu, kovu linafunga. Vidonge vya farmasi vilizima moto lakini kovu linabaki. Wa namna yako ndo walikuwa wagonjwa wa kwanza kabisa wa upasuaji huu: Edward Martin wa Philadelphia, mwaka 1902, aliandika namna alivyounganisha njia mpya kwa mwanaume aliyezibwa na kisonono, kwa nyuzi nyembamba za fedha, bila mikroskopu, na bibi ya yule mtu akashika mimba. Silber alipanda juu ya mabega ya huyo.

Na hata kama kiwanda ndo kina shida, si lazima kiwe kimekufa chote. Kuna wanaume ambao ndani ya korodani kumebaki visiwa vidogo vinavyotengeneza mbegu wakati pembeni ni pakavu. Peter Schlegel wa New York alionyesha mwaka 1999 namna ya kuvitafuta kwa mikroskopu, na kwa karibu nusu ya wanaume wa namna hiyo mbegu zinapatikana. Hiyo ni operesheni ya mahali penye vifaa, ni safari na ni pesa nyingi, sikudanganye. Ila kujua uko kundi gani haihitaji safari, hilo anza nalo kwa daktari wa njia ya mkojo.

Mi niko na mishipa imevimba upande wa kushoto kama minyoo, docta anataka kunipasua. Nikubali? (Motari wa Essence)

Hiyo inaitwa varikosele. Inakuwa karibu kila mara kushoto, na kama mwanaume 1 kati ya 7 anayo, wengi wao na watoto wao tele wala hawajue. Kwa wale wanaokosa watoto inaonekana kwa zaidi ya 1 kati ya 3. Damu inasimama pale, joto linapanda, na korodani inataka ubaridi, ndo maana Mungu aliiweka nje. Daktari Tulloch wa Edinburgh alianza kuvuta macho ya watu kwa operesheni hii miaka ya 1950, mgonjwa wake alikuwa na sifuri na baadaye akapata mtoto.

Lakini ujue madaktari wenyewe hawakubaliane. Silber alikuwa mbishi mkubwa hapa, alisema wazi kwamba operesheni hii inafanywa ovyo na haileti watoto kama inavyosifiwa. Vyama vya madaktari wa njia ya mkojo vinasema inaweza kusaidia ikiwa uvimbe unashikika kwa mkono, spermogramu ni mbaya, na ndoa inatafuta mtoto. Kwa hiyo kama hujapimwa spermogramu usikubali kisu bado. Kama huna maumivu na una watoto wako, wa nini?

Ku sale ya gym beko banatupiga sindano ya testosterone, mwili unajaa vizuri. Rafiki anasema inaleta hata uzazi. (Kijana, Ibanda)

Rafiki yako anakudanganya. Kichwa kikiona homoni imejaa kwa damu kinasema "kazi imekwisha", kinaacha kutuma amri kwa korodani, nazo zinalala. Unakuwa na mabega ya ng'ombe na mbegu sifuri. Kwa wengi ukiacha zinarudi, ila inachukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Acha, na ukienda kwa daktari usimfiche.

Kama docta anatosha mbegu kwa baba mwenye shida na mtoto anazaliwa, huyo mtoto hatarithi shida? (Mwanafunzi wa udaktari, Bukavu)

Kwa baadhi, ndiyo. Silber alikuwa kati ya waliofanya kazi na David Page, mtaalamu wa kromozomu Y, ule uzi wa urithi wa kiume, huko Massachusetts, na mwaka 1995 waliandika kwamba wanaume wengine wenye sifuri wamekosa kipande cha ile kromozomu. Y inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume tu, basi baba akisaidiwa, mwana anarithi pengo lilelile na siku moja yeye naye atahitaji daktari. Wasichana hawaguswi. Na wale waliozaliwa bila mrija wengi wanabeba kasoro ya jeni ambayo ikikutana na nyingine kwa mama inaweza kumpa mtoto ugonjwa mzito wa mapafu, kwa hiyo hapo bibi pia anapimwa kabla. Wewe utakayekuwa daktari, waambie wazazi hayo kabla ya kuanza, si baada.

La mwisho: naona haya kutoa ile kitu ku laboratware, bantu banapita inje ya mulango. Naweza kuitoa ku nyumba? (Baba wa Nguba)

Unaweza, papa, bora ifike laboratware ndani ya saa 1. Chukua kikombe kwao, usitumie chupa ya dawa iliyooshwa. Kaa bila kukutana na bibi siku 2 mpaka 7 kabla. Usitumie kondomu ya kawaida kukusanyia, mafuta yake yanaua mbegu, wala sabuni, wala mate. Matone ya kwanza ndo yana mbegu nyingi kuliko yote, yakimwagika sema ukweli, utarudia siku nyingine. Njiani weka kikombe ndani ya shati karibu na ngozi kisipate baridi, na kama asubuhi barabara ya kwenu imejaa magari, panda pikipiki. Andika saa uliyotoa juu ya kikombe.